Kwenye gemu ya maelfu, nafasi ya anayecheza peke yake

"Kama unataka kucheza peke yako, umefuata nini kwenye gemu ya watu wengi?" Swali hili hurudi kila mara gemu kubwa ya mtandaoni inapowafungulia njia wasio na kikundi. Wanaouliza kwa hasira ni watu waliotumia miaka kujenga vikundi vyao, na hasira yao ina sababu. Lakini swali limefunga pamoja vitu viwili visivyoshikamana: kukaa kati ya watu, na kuwategemea watu. Mtu anaweza kukitaka cha kwanza kwa moyo wote na asikiweze cha pili. Hapa Lubumbashi tuko wengi wa namna hiyo.

Gemu ninazozungumzia ni zile ambazo unatengeneza mhusika, unampa jina, unamkuza ngazi kwa ngazi, ndani ya dunia isiyozimwa ukiondoka na ambamo maelfu ya wengine wanatembea wakati uleule. Asili yake ni MUD, gemu ya maandishi matupu iliyoanzishwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha ikaendelezwa na mwenzake Richard Bartle. Mwaka 1996 Bartle aliandika kuhusu aina nne za wachezaji: wanaosaka mafanikio, wanaovumbua, wanaotafuta maongezi na urafiki, na wanaofurahia kuwashinda au kuwasumbua wenzao. Ukiwatazama vizuri, wale wa aina mbili za kwanza hawahitaji kikundi ili wafurahi. Mvumbuzi anataka kujua ng'ambo ya mlima kuna nini, na kule anaweza kwenda na miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo mchezaji wa peke yake hakuvamia gemu hizi majuzi. Alikuwemo tangu zikiwa maandishi kwenye skrini nyeusi.

Kilichobadilika ni jinsi gemu zilivyomtendea. EverQuest, iliyotoka mwaka 1999, ilijengwa juu ya kutegemeana. Wahusika wengi hawakuweza kumuua mnyama wa ngazi yao bila msaada: alitakiwa mkingaji wa kupokea mapigo, mponyaji wa kumrudishia uhai, na washambuliaji wa kumaliza kazi. Ukifa, unapoteza sehemu ya uzoefu uliouchuma, na maiti yako inabaki ulipoangukia ikiwa na vifaa vyako vyote, hadi urudi kuichukua. Watu walikaa muda mrefu wakitangaza "natafuta kikundi" na kusubiri. Wazee wa gemu hiyo wanasema urafiki wao wa kweli ulizaliwa kwenye kule kusubiri, nami nawaamini. Ila urafiki huo ulilipiwa kwa saa, na asiyekuwa na saa za kulipa aliishia mlangoni.

Novemba 2004 ikaja World of Warcraft, ikageuza hesabu. Kazi ndogondogo zilizopangwa vizuri, nenda ua nguruwe kumi, peleka barua hii kule, ziliweza kumchukua mtu kutoka ngazi ya 1 hadi ya 60 bila kumwomba yeyote msaada. Watu waliingia kwa mamilioni. Lakini ukifika ngazi ya 60 ulikuta mlango mwingine: Molten Core, pango la kuingia watu 40 kwa pamoja kupigana na maadui wakubwa. Gemu ilikufundisha kujitegemea kwa ngazi 59, kisha ikakupa mtihani wa somo ambalo haikukufundisha. Huu ndio ufa ambao ugomvi wote wa leo umetokea, na ulikuwemo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2006, watafiti wa California, wakiwemo Nicolas Ducheneaut na Nick Yee, walichapisha walichokiona baada ya kukusanya takwimu ndani ya World of Warcraft yenyewe. Waligundua kwamba wachezaji hawakukaa kwenye vikundi kama ilivyodhaniwa, hasa kabla ya ngazi za juu. Walicheza wamezungukwa na watu bila kucheza nao. Wale wengine walikuwa hadhira ya kuonyeshwa upanga mpya, kelele za kuonyesha kwamba dunia iko hai, na tamasha la kutazama. Kwangu, huu ndio ufunguo wa mada nzima. Mtu anakwenda soko la Kenya, pale kwenye komini yetu ya jina hilo hapa Lubumbashi, akiwa peke yake, ananunua mwenyewe, anarudi mwenyewe. Lakini mpe soko hilohilo tupu, bila kelele wala kupigana vikumbo, uone kama atarudi kesho. Gemu ya mtu mmoja ni hilo soko tupu, hata liwe zuri namna gani.

Sasa, kwa nini mtu asiweze kujiunga na kikundi? Jibu linalotolewa haraka ni tabia: mpweke, mwenye haya, asiyependa watu. Wapo wa namna hiyo, na wana haki ya kucheza. Lakini Lubumbashi jibu la kwanza ni umeme.

Fikiria pango la watu watano. Wanne wako Ufaransa, Ubelgiji au kwingineko. Wa tano ni mponyaji, yuko Katuba, komini ya hapa Lubumbashi. Bosi wa mwisho, adui mkuu wa pango, amebakiza nusu ya uhai wake, mkingaji anapokea mapigo mazito, mponyaji ameanza kusoma dua ndefu ya uponyaji. Mara delestaji, umeme wa mtaa umekatwa. Kompyuta imezima, au kama ni ya betri, modemu imezima. Kwenye skrini za wale wanne mponyaji bado amesimama wima, halafu hatembei, halafu anatoweka. Mkingaji anakufa, kisha wengine mmoja baada ya mwingine. Kwenye maongezi kuna neno moja, "heal???" (ponya), na baada yake kura ya kumtoa. Umeme unaporudi usiku mwingi, kijana wa Katuba anakuta ametolewa na nusu saa ya kazi ya watu wanne imeharibika, nao hawajui SNEL, shirika letu la umeme, ni nini wala neno delestaji lina maana gani kwa anayeishi nalo. Wanajua tu jina la mhusika wake.

Ikitokea mara kadhaa, kijana huyo anaacha kujiunga. Anayeona gemu kutoka mbali atasema hapendi watu. Ukweli ni kinyume: ameacha kwa sababu anawajali, hataki kuwaangusha tena. Niliwahi kumsikia mmoja akijibu alipoalikwa, "Hapana yaya, mimi nitawaharibia." Hilo si jibu la mtu anayewakimbia wenzake. Ni la mtu anayejua hali ya nyumbani kwake. Na si Lubumbashi peke yake: muuguzi wa zamu anayeitwa wakati wowote, mama mwenye mtoto mchanga, mwanafunzi anayegawana kompyuta na kaka zake, anayehesabu mega zilizobaki kwenye simu, wote wana tatizo lilelile. Hawawezi kuahidi dakika 40 zisizokatika. Kikundi kinahitaji ahadi hiyo hata kabla ya ufundi.

Kuna na umbali. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha gemu, ziko mbali. Kutoka hapa hadi London, kwa mfano, ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Ndani ya faiba mwanga hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni zaidi ya milisekunde 70, na hiyo ni kama waya ungenyooka. Waya haunyooki: unatafuta pwani kwanza, unazunguka bara, unapita kwenye mitambo mingi, na simu zetu zinaongeza ucheleweshaji wao. Kwenye pango gumu ambapo bosi anapiga ardhi nawe una sekunde moja ya kuruka, ucheleweshaji huo ni kifo. Ukicheza peke yako unakufa mwenyewe na kujaribu tena. Ukiwa kwenye kikundi unaua wenzako.

Ndiyo maana naipenda Old School RuneScape kama mfano, ingawa picha zake ni za zamani na wengi wataicheka. Injini yake inahesabu matendo kila sekunde 0.6. Ukibofya ukiwa na ucheleweshaji wa milisekunde 250, hujaachwa hata hesabu moja kamili na mtu anayeishi karibu na seva. Inaingia kwenye simu tangu Oktoba 2018, na dunia ya simu ni ileile ya kompyuta. Na gemu hii ndiyo iliyofanya jambo la ajabu kuliko zote kuhusu mchezaji wa peke yake.

Wachezaji wake walianza wenyewe kujiwekea masharti: sinunui kwa mtu, siuzi, sipokei zawadi, kila nilicho nacho nimekitoa kwa mikono yangu. Oktoba 2014 Jagex, kampuni yenye gemu hiyo, wakalifanya kuwa sheria ya gemu, wakaliita Ironman. Ukichagua njia hiyo, akaunti inakataa biashara na wachezaji wengine na haikuruhusu kuokota nyara za adui aliyeuawa na mwingine. Unapewa kofia ndogo ya chuma pembeni ya jina lako, inayoonekana kwa kila mtu unapoongea. Upanga ambao wengine wananunua sokoni kwa dakika moja, wewe unaufanyia kazi wiki nzima. Lakini kofia ile ingekuwa haina thamani yoyote kama kusingekuwa na mtu wa kuiona. Kujitegemea kwa Ironman kunahitaji umati. Na mwaka 2021 wakaongeza njia ya Ironman kwa vikundi vya watu 2 hadi 5, wanaosaidiana wao kwa wao na kujifungia kwa wengine wote. Watu waliokataa soko zima walitaka rafiki mmoja au wawili. Hapo unaona tena kwamba hawakuwa wakiwakataa watu.

Njia nyingine inayotumika sana ni kumpa mchezaji wenzake wa bandia. Guild Wars ilifanya hivyo tangu 2005 kwa kuruhusu mtu ajaze kikundi chake na wapiganaji wanaoendeshwa na kompyuta. Final Fantasy XI, gemu ya mwaka 2002 iliyokuwa kali kuhusu vikundi, iliongeza wasaidizi wa aina hiyo mwaka 2013. Gemu inapozeeka na watu kupungua, anayeingia mgeni hakuti wa kupanda naye ngazi za chini; bila msaidizi wa bandia gemu inamfungia mlango mtu ambaye ingemhitaji zaidi. Ndugu yake mdogo, Final Fantasy XIV, alichukua wazo hilo mwaka 2019, na kuanzia Aprili 2022 likaanza kurudishwa nyuma kwenye mapango ya zamani ya hadithi kuu. Unaingia na wahusika wa hadithi yenyewe, wanapigana kwa utaratibu, hawakutukani ukikosea, na ukitaka kusoma maneno yote hakuna anayekuharakisha. Wana kasoro moja iliyowekwa makusudi, nayo nailinda: wanapiga taratibu. Pango ambalo watu wanne wazoefu wanalimaliza haraka, wewe na wenzako wa bandia mtachukua muda zaidi. Njia iko wazi, lakini kuwa na watu bado kuna faida.

World of Warcraft yenyewe ilichelewa. Ni mwaka 2024 tu ndipo ilileta mapango ya kuingia na wasaidizi wa kompyuta, kisha Agosti mwaka huohuo ikaleta Delves, mapango mafupi ya mtu 1 hadi 5, ambamo mwanzoni msaidizi wa kompyuta aitwaye Brann Bronzebeard alikusindikiza na ulimchagulia awe mponyaji au mshambuliaji. Vifaa unavyopata humo ni vizuri, ila si vile vya juu kabisa.

Kwenye vifaa ndipo fundo lilipokazwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Hoja ya wenye vikundi ni hii: kupanga watu 20 kwa jioni mbili kila wiki ni kazi ngumu. Kuna wa kuchelewa, kuna wa kugombana, kuna kiongozi asiyelala. Kama mtu wa peke yake anapata upanga uleule akiwa kitandani, nani atakubali mateso hayo? Vikundi vitakufa, na vikifa hata huyo wa peke yake atajikuta kwenye dunia tupu. Hoja hii si ya wivu, ni ya kweli. Anayeibeza hajawahi kuongoza watu 20.

Lakini neno "zawadi" linabeba vitu vitatu, na ukivitenganisha ugomvi unapungua. Kuna nguvu: upanga unaopiga zaidi. Kuna heshima: jina la cheo, farasi wa nadra, kitu cha kuonyesha kwamba ulikuwepo bosi alipoanguka. Na kuna hadithi: ni nani aliyemsaliti mfalme, na mwisho wake ulikuwaje. Heshima ya kikundi ibaki kwa kikundi, yote, bila kupunguza. Mtu aliyeongoza watu 20 anastahili farasi ambaye mimi sitampanda kamwe, na kumwona akipita naye kunanifurahisha. Nguvu inaweza kupimwa: mpe wa peke yake inayotosha kwa changamoto zilizotengenezwa kwa ajili yake, ngumu kwa kipimo chake. Hadithi ndiyo ambayo sioni sababu ya kumfungia mtu. Kumfuatisha mtu hadithi kwa miezi, kisha kumwambia mwisho wake uko nyuma ya mlango wa watu 20, akautazame kwenye video ya mwingine, ni kumnyang'anya kitu alichokwisha kukilipia.

Kuna lawama nyingine inayopigwa mahali pasipo pake. Wengi husema kuwahudumia wapweke kuliua ujirani wa World of Warcraft, na wakitaka ushahidi wanataja Desemba 2009, pale chombo cha kutafuta kikundi kilipoletwa. Unabonyeza kitufe, seva inakuokotea wageni wanne, hata kutoka seva nyingine, inawarusha wote pangoni. Mnamaliza bila salamu na hamtaonana tena. Nakubali kwamba kitu kilipotea hapo. Ila chombo hicho hakikumhudumia mchezaji wa peke yake; kilimlazimisha awe kwenye kikundi bila kumpa ujirani. Ule mwendo wa haraka, ile kura ya kumtoa mponyaji wa Katuba, umezaliwa humo. Ukiwa hujui mtu na hutamwona tena, huna sababu ya kumngoja dakika tatu.

Guild Wars 2, ya mwaka 2012, ilipita njia ambayo naona ndiyo ya busara kuliko zote. Waligusa kanuni ya umiliki. Katika gemu nyingi za awali, aliyempiga mnyama kwanza ndiye mwenye mnyama, na anayekata mti anaumaliza. Kwa hiyo ukimwona mtu anakuja, moyo unakwambia: mwizi. Guild Wars 2 wakasema kila aliyeshiriki kumpiga mnyama anapata fungu lake, na mti mmoja unampa kila mtu kuni zake. Tena yeyote anaweza kumwinua yeyote aliyeanguka, awe wa kazi gani, na anapata uzoefu kwa kumwinua. Tazama kinachotokea: uko peke yako unapigana na dubu mkubwa, unaanguka. Mtu usiyemjua, aliyekuwa anapita na shughuli zake, anageuka, anapiga magoti, anakuinua. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha mwaliko. Mnamaliza dubu, kila mmoja anachukua fungu lake, mnaachana. Umeme ukikatika kwako sekunde hiyo, yeye hajapoteza kitu. Huu ni ushirikiano usiodai ahadi, na ndio tunaouweza.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Ada ya dola 14.99 kwa mwezi, ambayo World of Warcraft imetoza tangu mwanzo, ni kubwa kwa kijana wa hapa, na wengi hawana kadi ya kulipia nje hata dola zikiwepo. Kwa hiyo wanaingia kwenye za bure. Final Fantasy XIV ina jaribio la bure lisilo na mwisho wa siku, sasa hadi ngazi ya 70, na hadithi yake ni ndefu mno. Lakini akaunti ya jaribio haiwezi kuanzisha kikundi, haiwezi kujiunga na chama cha wachezaji, haiwezi kutumia soko wala kumwandikia mtu ujumbe wa faragha. Masharti hayo yamewekwa kuzuia wanaouza pesa za ndani ya gemu kwa pesa halisi, na nayaelewa. Matokeo yake ni kwamba asiyeweza kulipa anafanywa mpweke kwa sheria, kisha anaulizwa kwa nini hachangamani.

Kinachobaki ambacho sijaona gemu yoyote kubwa ikikifanya vizuri ni kuunganisha mambo mawili: kikundi cha watu na wasaidizi wa kompyuta. Wasaidizi wa kompyuta wapo tayari: wanajua kukinga, wanajua kuponya, wanajua kuruka bosi anapopiga ardhi. Lakini wanaitwa tu mwanzoni, kabla ya kuingia. Waruhusiwe kuingia katikati. Katuba ikizima, ndani ya sekunde chache msaidizi achukue nafasi ya mponyaji aliyepotea, apige taratibu kama kawaida yake, wale wanne waendelee kuishi. Mwenyewe akirudi kabla pango halijaisha, apokee nafasi yake. Asiporudi, apate fungu kulingana na alichokifanya kabla ya kukatika, na kura ya kumtoa isiwepo maana hakuna wa kumtoa.

Si kazi rahisi. Bosi aliyepangwa kwa ajili ya wanadamu anaweza kuwa na mtego ambao msaidizi haujui, na watakuwepo wajanja wa kuingia, kuzima makusudi, na kuacha msaidizi awafanyie kazi. Wa pili wanadhibitika kwa kuhesabu fungu kwa matendo badala ya kwa kuwepo. La kwanza linahitaji mafundi wakae chini na kila pango, moja baada ya jingine, kama Final Fantasy XIV walivyofanya waliporudi kwenye mapango yao ya zamani. Waanze na mapango mepesi ya hadithi, ambako makosa ya msaidizi hayamgharimu mtu, ili kijana wa Katuba aweze kubonyeza "kubali" mwaliko unapokuja.